Huruma inayokutaka uache kuwa wewe: bado ni huruma?

Mzamiaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naleta jambo ambalo nimelitafuna muda mrefu bila kulimeza. Humu kuna Waislamu, Wakristo, watu wa dini za jadi, wasio na dini kabisa na wanaoishi ugenini. Ninyi hasa ndio nataka mnichambue.

Wengi tuliosoma fasihi tulipitia Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kutoka mwaka 1969. Kila mtu anakumbuka ratili ya nyama ambayo Shylock, mkopeshaji Myahudi, aliidai kwenye mwili wa mdaiwa wake, mfanyabiashara Mkristo Antonio. Wachache wanakumbuka hotuba mahakamani ya Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, kwamba rehema hailazimishwi, hushuka yenyewe kama mvua. Hotuba nzuri sana, siibezi. Ila kinachotokea dakika chache baadaye hakizungumzwi, na ndicho kilichonileta hapa.

Shylock anashindwa kesi. Mtawala anatangaza kwamba anamwachia uhai wake hata kabla hajaomba, ili aone roho zao zilivyo tofauti na yake. Kisha Portia anamuuliza Antonio: wewe utamwonea huruma gani? Antonio anataja masharti. Mali ya Shylock irithiwe na kijana Mkristo aliyemtorosha binti yake, na Shylock mwenyewe abatizwe. Mtawala anaongeza kwamba akikataa, msamaha wote unafutwa. Shylock anasema ameridhika, halafu anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri.

Na watu wote mle ndani wanaamini wametoka kutenda rehema. Hawaigizi. Wanaamini kweli.

Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu sisi tunaoishi kwenye jamii za mchanganyiko tunafanya hivyo hivyo. Tunampokea mgeni, tunamlisha mwenye njaa wa upande mwingine, tunamsamehe mkosaji wa jamii nyingine, na ndani ya wema huo tumefunga kamba: sasa uwe kama sisi. Kwa kuwa tulichotoa ni kitu cha kweli, uhai, chakula au makazi, hatuoni tulichochukua.

Venice yenyewe, ile ya kwenye historia, iliishi hivyo. Mwaka 1516 wakuu wa mji waliwaruhusu Wayahudi kukaa, lakini kwenye kisiwa kimoja kidogo chenye mageti yaliyofungwa usiku. Walinzi wa mageti hayo walilipwa na Wayahudi wenyewe. Kibali cha kuishi kilikuwa na muda; ukiisha, kinajadiliwa upya na kulipiwa upya. Mageti yaliondolewa mwaka 1797, baada ya jeshi la Napoleon kuingia. Na kumbukeni kwamba Uingereza ilikuwa imeshawafukuza Wayahudi mwaka 1290 na Hispania mwaka 1492. Kwa vipimo vya siku zile, Venice ilikuwa na huruma! Lakini kwa miaka 281 watu walizaliwa, wakazeeka na kuzikwa wakiwa bado wageni ambao kukaa kwao kunajadiliwa.

Msimamo wangu ni kwamba huruma ikishakuwa na sharti la mtu kuacha kuwa alivyo, imegeuka kuwa ununuzi. Anayebisha karibu.

---

Kipanga wa Jioni

Mkuu Mzamiaji, umeandika vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Shylock alikuwa na kisu mkononi, akikinoa mbele ya watu. Aliombwa huruma akakataa. Akapewa mara tatu ya deni lake akakataa. Alitaka kifua cha mtu. Leo umemgeuza kuwa mnyonge wa kulilia.

La pili, hakuna jamii isiyo na masharti. Wazee walisema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Wakasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa mnataka mgeni aje, ale, asifuate chochote, na mwenyeji akiuliza aambiwe hana utu. Mtawachosha wenyeji, halafu hata ile huruma kidogo iliyopo itaisha. Mimi naona masharti ndiyo yanayoifanya huruma idumu.

---

Chumvi ya Bahari

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

---

Ustadhi Mwanafunzi

Assalaam aleikum nyote.

Kipanga, nakujibu kwa upole. Jembe la siku ya tatu silipingi; kumpa mtu jembe ni kumheshimu, maana umeona ana mikono. Tatizo la Mzamiaji, nilivyomwelewa, si jembe. Ni kumwambia mtu abadili jina, abadili kibla, ndipo apewe jembe.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 263, tunaambiwa kwamba kauli njema na usamehevu ni bora kuliko sadaka inayofuatiliwa na maudhi. Hapo tumbo la mwenye njaa halijasahaulika. Mtoaji ndiye anayeonywa: ukitoa kisha ukamsimanga, bora ungemwambia neno zuri ukabaki na mali yako. Aya inayofuata inasema wazi kwamba masimango huibatilisha sadaka. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anasema amewatukuza wanaadamu. Wanaadamu, wote. Hakutaja dini yao pale.

Siku hizi masimango yamepata njia mpya. Mtu anapewa mfuko wa unga, anaambiwa aushike vizuri atazame kamera. Ukikataa picha, jina lako linarukwa. Na mara nyingi anayepigwa picha ni wa jamii tofauti na anayepiga, na picha ile inakwenda kuonyeshwa mbali, kwa watu ambao hatakutana nao maishani. Nani kati yetu angependa siku yake mbaya kuliko zote itundikwe ukutani kwa watu wasiomjua?

---

Kipanga wa Jioni

Ustadhi, kwenye kamera niko na wewe. Ile inakera. Ila bila picha wafadhili hawatoi, nayo ni hali halisi. Tuwe wakweli.

---

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana, habari za jioni. Niwaletee kisa cha kweli kinachogusa masharti na wafadhili kwa pamoja.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 Ireland ilipigwa na njaa kubwa. Viazi vilioza shambani kwa ugonjwa, na maskini walikuwa wakitegemea viazi karibu peke yake. Walikufa takriban watu milioni moja na wengine kama hao wakahama. Wengi wa maskini hao walikuwa Wakatoliki chini ya utawala wa Waprotestanti. Baadhi ya vikundi vya Kiprotestanti vilifungua vituo vya supu, lakini ukitaka kula, wewe au mwanao, msikilize mahubiri yao, na penye ukali zaidi uache dini yako. Walioshindwa na njaa wakakubali walibandikwa jina la dharau na majirani zao, na jina hilo likazifuata familia vizazi kadhaa. Kwa hiyo masharti yaliumiza mara mbili: mtu alipoteza dini yake, kisha akapoteza na watu wake.

Wakati huo huo Wakweka (Quakers), dhehebu dogo la Kikristo, nao pia si Wakatoliki, walipika supu na kumpa kila aliyekuja bila kumuuliza chochote. Nenda leo Ireland ukawataje Wakweka, utasikia wanavyokumbukwa kwa heshima. Supu ni ile ile, njaa ni ile ile.

Halafu kuna hili. Mwaka 1847 Wachoktaw, watu wa asili wa Marekani, walichanga fedha wakapeleka msaada kwa Waairishi hao. Wao wenyewe miaka ya 1830 walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao na kusukumwa magharibi kwa miguu, na wengi walifia njiani. Hawakuwa na dini moja na Waairishi, wala lugha, wala rangi. Hawakuweza kuwadai chochote hata wangetaka. Mwaka 2017 Waairishi waliwazindulia mnara wa kumbukumbu katika kaunti ya Cork, na corona ilipokuja mwaka 2020, Waairishi wengi walichangia Wanavajo na Wahopi, nao watu wa asili wa Marekani, huku wakiwataja Wachoktaw. Zaidi ya miaka 170 imepita na hakuna aliyesainishwa karatasi.

Kipanga, umesema masharti ndiyo yanayodumisha huruma. Hebu yapime kwa kisa hiki.

---

Kipanga wa Jioni

Mzee, shikamoo. Umenibana, lakini visa viwili havifanyi sheria. Narudi.

---

Mtu wa Katiba

Nimesoma kimya, sasa niseme yasiyopendeza. Mnajadili rangi ya mlango wakati nyumba haina msingi. Neno huruma lenyewe ndilo tatizo. Huruma inatoka juu kwenda chini, na aliye juu anaweza kuamka kesho hana hamu nayo. Mtu mwenye utu anahitaji haki, kitu anachoweza kukidai huku amesimama.

Tazameni Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna aliyepinga, 8 hawakuonyesha upande. Afrika Kusini, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza ubaguzi wake rasmi mwaka ule, ilikuwa kwenye hao 8. Kifungu cha kwanza kinasema watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano mkubwa. Wajumbe wa Brazil walitaka iandikwe kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Peng Chun Chang wa China akapinga: kwao kuna sehemu kubwa ya wanadamu wenye mapokeo mengine. Charles Malik wa Lebanon alikuwa na falsafa ya Kikristo. Hansa Mehta wa India akahakikisha maneno ya mwanzo hayasomeki kana kwamba yanawahusu wanaume tu. Mwisho walikubaliana kwamba hadhi ipo, wakaacha wazi inatoka wapi. Mnaosema jamii zenye imani tofauti haziwezi kuwa na msingi mmoja, ule ndio msingi, na waliujenga bila kubatizana.

Mfano wa karibuni zaidi. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 inaanza kwa kusema utu wa mtu haugusiki. Mwaka 1993 nchi hiyo ilitunga sheria ya posho kwa waomba hifadhi, chini ya kiwango wanachopewa wengine, na posho ile haikupandishwa kwa karibu miaka 20. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba posho nzuri itavuta watu wengi. Tarehe 18 Julai 2012 Mahakama ya Katiba ikasema posho ile haikidhi maisha yenye utu, na kwamba utu haupunguzwi kwa sababu za sera ya uhamiaji. Wale watu hawakuonewa huruma na yeyote. Walishinda kesi.

Nipeni hukumu kama hiyo, huruma zenu bakini nazo.

---

Muuguzi wa Zamu

Mtu wa Katiba, nakuheshimu, ila sheria haifiki saa nane za usiku wodini. Hapo ninafika mimi.

Niwape tukio. Sitataja wapi. Mama mmoja mgeni, lugha yetu anaijua kidogo, amekuja kuchukua majibu. Majibu mabaya. Amekuja na mwanawe wa kiume, mtoto wa shule ya msingi, anayejua lugha yetu vizuri kwa kuwa anaisoma darasani. Daktari akazungumza polepole, kwa sauti ya upole kabisa, akamshika yule mama mkono. Kisha akamgeukia mtoto: mwambie mama.

Mtoto akanyamaza. Kisha akasema maneno machache sana. Mama akatabasamu, akamshukuru daktari.

Wote mle ndani tulijua hakumwambia. Na nani angemlaumu? Sasa mnajua kinachoniuma? Hakuna aliyekuwa mkatili pale. Daktari yule ni mtu mwema, ningempelekea mama yangu mzazi. Upole ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni mkalimani, na kwa kukosekana kwake mama alinyimwa habari za mwili wake mwenyewe, na mtoto akabebeshwa mzigo ambao hata mimi niliyesomea ninaubeba kwa shida.

Nilipouliza kwenye utawala kwa nini hatuna mkalimani hata wa simu, nikajibiwa kwamba wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Wa aina hiyo.

Kwa hiyo siko na Mtu wa Katiba moja kwa moja, wala siko na wanaodhani moyo mzuri unatosha. Haki ya kuelezwa ugonjwa wako imeandikwa, naijua, tuliifundishwa. Ilikosa mtu wa kuihurumia kiasi cha kuitafutia namba ya simu.

---

Chumvi ya Bahari

Dada Muuguzi, hapo kwenye "wa aina hiyo" nimesimama kwanza.

---

Kipanga wa Jioni

Pole dada. Lakini niulize bila ubaya: kila hospitali iwe na wakalimani wa lugha mia? Nani atalipa?

---

Muuguzi wa Zamu

Kaka Kipanga, tuanze na simu moja na orodha ya watu wanaoweza kupigiwa. Na kanuni moja: asiwe mtoto. Kanuni haina gharama.

---

Mama Shemasi

Amani kwenu wanangu. Ninasoma huku miwani inanisumbua, mtanisamehe makosa ya herufi.

Nataka kusema juu ya Msamaria. Mnakijua kisa, kiko Luka sura ya 10. Mtu kapigwa na wanyang'anyi njiani, kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Kila mwaka tunahubiriwa: uwe kama Msamaria, msaidie mgeni. Mimi miaka yote nimehubiri hivyo hivyo kwa akina mama.

Lakini aliyekuwa akisimuliwa alikuwa mwanasheria wa Kiyahudi, na Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mtu kama yeye, akisikiliza, angejiona kwa nani? Si kwa Msamaria. Labda kwa yule aliyelala mtaroni. Kisa kinamuuliza: je, utakubali kuinuliwa na mtu unayemdharau? Utakubali mafuta yake kwenye kidonda chako? Mwishoni, Yesu alipomuuliza ni nani aliyekuwa jirani, mwanasheria hakutamka neno "Msamaria". Alisema ni yule aliyemwonea huruma.

Kutoa ni rahisi, wanangu. Unatoa huku umesimama. Kupokea kutoka kwa wale uliozoea kuwahurumia ndipo roho inapogoma. Nimewaona watu wazima wakikataa damu, wakikataa lifti, wakikataa hata maji, kwa sababu ya mkono ulioleta. Mwanangu Kipanga, mwenyeji anayesema mgeni afuate masharti yetu, je, yuko tayari siku moja kuwa yeye ndiye anayeokotwa na mgeni yule?

---

Kipanga wa Jioni

Mama, shikamoo. Swali gumu hilo, na la kweli: mimi ningeona aibu. Sijui kwa nini, lakini ningeona aibu.

---

Mzamiaji

Mnanifundisha. Nijibu mawili.

Mtu wa Katiba, kuna kitu kinachosimama kati yako na Muuguzi. Katika Torati, Walawi sura ya 19, mwenye shamba anaamriwa asivune hadi pembeni kabisa wala asiokote masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Tazama jinsi sheria ile ilivyotungwa. Mwenye shamba hagawi chochote. Hapangi foleni wala hachagui nani anastahili. Anajizuia tu, na mgeni anaingia shambani kuokota kwa mikono yake. Hana wa kumpigia magoti. Ruthu, aliyekuwa Mmoabi, mgeni kabisa, alikula kwa njia hiyo. Huruma imeshafanya kazi yake mapema, pale ilipoandikwa kuwa sheria, na siku ya mavuno hakuna anayelazimika kuiomba. Kwa hiyo haki unayoipenda ilianza kama huruma ya mtu fulani aliyeona mbali.

Kipanga, juu ya kisu cha Shylock. Sijakisahau. Alistahili kuzuiwa, na alizuiwa. Adhabu ningeielewa. Ninachouliza ni kwa nini adhabu ilibidi iingie kwenye sala zake.

---

Kipanga wa Jioni

Sawa, sasa tumefika penyewe. Tuache wageni wema na akina mama wagonjwa. Tuzungumze juu ya muuaji. Mtu ameua, hajutii, na kundi lake linamtetea. Huyo naye ana utu usiogusika? Au utu unaweza kupotezwa?

---

Mtu wa Katiba

Swali hilo lilijibiwa mahakamani. Tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya wanaume wawili waliohukumiwa kifo kwa mauaji, ilifuta adhabu ya kifo. Majaji wote 11. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, hakukwepa ukweli kwamba huenda wananchi wengi waliitaka adhabu hiyo. Alisema kazi ya mahakama si kuhesabu maoni ya watu, na kwamba tukikubali kuwalinda walio wabaya kabisa na walio dhaifu kabisa kati yetu, hapo ndipo kila mmoja anaweza kuwa na uhakika kuwa haki zake naye zitalindwa. Majaji kadhaa waliuingiza ubuntu, yaani utu unaotuunganisha na wengine, kwenye hukumu zao, kwa kuwa ulikuwa umetajwa kwenye katiba ya mpito ya mwaka 1993.

Na wale wanaume wawili hawakuachiwa waende nyumbani. Kifungo kilibaki. Mtu wa aina hiyo anafungwa, na hata gerezani kuna mipaka: kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, zinakataza kumweka mtu kwenye kifungo cha upweke zaidi ya siku 15 mfululizo.

Kwa hiyo jibu ni hapana, haupotezwi. Uhuru unapotea. Utu haumo kwenye orodha ya vitu ambavyo serikali inaweza kumnyang'anya mtu.

---

Sauti ya Pembeni

Naingia mara ya kwanza kwenye uzi huu. Mmeitaja Afrika Kusini kwa mahakama, ngoja niitaje kwa Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya zama za ubaguzi chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, maana huko ndiko huruma ilikokuwa kazi ya serikali.

Sheria ilisema anayetaka kusamehewa aeleze ukweli wote na aonyeshe kwamba alitenda kwa lengo la kisiasa. Haikumtaka ajute. Zaidi ya watu 7,000 waliomba, wengi wakakataliwa. Mwaka 1996 familia za waliouawa, ikiwemo ya Steve Biko, mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi, zilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga: nani aliwapa ninyi mamlaka ya kusamehe kwa niaba yetu? Zikashindwa. Miaka michache baadaye maofisa waliohusika na kifo cha Biko walipoomba, Tume iliwakatalia, lakini hawakushtakiwa. Na mwaka 2003 serikali ilitangaza randi 30,000 mara moja kwa kila mhanga aliyetambuliwa, chini sana ya Tume ilivyopendekeza.

Siilaani Tume. Nadhani iliepusha damu. Lakini mzungumze na wahanga wa popote palipofanyika maridhiano, mtasikia wengi wakisema walisukumwa wasamehe. Kwa ajili ya amani. Kwa ajili ya watoto. Kwa ajili ya picha ya nchi. Mhanga anayesema "mimi bado sijasamehe" anatazamwa kama ndiye tatizo.

Mzamiaji, wewe unaona aibu ya Shylock anayesema ameridhika huku hana njia nyingine. Mimi namwona pia mjane kwenye meza ya maridhiano, mbele ya viongozi na kamera, anaulizwa kama amemsamehe yule bwana. Anasema ndiyo. Ni kitu kile kile. Serikali inaweza kuacha kuadhibu, hiyo ni mali yake. Msamaha ni mali ya mjane, na anaweza kufa nao bila kuutoa na asiwe amemkosea mtu.

---

Mzamiaji

Sauti, sikuwa nimeifikisha hoja yangu huko. Nakubali yote.

---

Mzee wa Kumbukumbu

Sauti amenikumbusha Mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo. Aliivamia Kalinga, na kwa maneno yake mwenyewe yaliyochongwa mwambani, watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa. Akajuta, akaandika majuto yake hadharani. Akaandika pia kwamba anayeisifu dini yake kwa kuzidharau za wengine anaiumiza yake mwenyewe. Kwa mfalme wa zama zile ni jambo la kushangaza.

Lakini soma mwamba huo mpaka chini. Kwa watu wa misituni kuna onyo: mfalme anajuta, ila msisahau kwamba nguvu ya kuwaadhibu anayo. Na kwenye miamba ya Kalinga kwenyewe, andiko la majuto halikuwekwa. Pale palichongwa maandiko mengine, yenye maneno ya upole juu ya utawala bora. Wasomi wana sababu zao. Mimi naona tu kwamba waliofiwa ndio waliokosa kuusoma ule ujutaji.

---

Kipanga wa Jioni

Mzee, labda hakutaka kuwatonesha kidonda. Ukimchongea mtu idadi ya ndugu zake uliowaua mbele ya mlango wake, hiyo ni huruma au ni kiburi? Usimhukumu haraka.

Na nina la mwisho kwa Mzamiaji. Unasema mtu aachwe aendelee kuwa alivyo. Je, jamii inayomnyima binti yake shule, au inayompiga anayebadili dini, nayo iachwe ilivyo kwa jina la heshima?

---

Mzamiaji

Hapana. Utu niliousema ni wa mtu, sikusema utamaduni una utu. Yule binti ndiye mwenye utu. Akitaka kubaki kwenye mila zao abaki, akitaka kutoka apate mlango. Tena ni hoja ile ile: anayemlazimisha binti abaki na anayemlazimisha Shylock abatizwe wanafanya kazi moja. Ninachokataa ni mtu wa nje kutumia mateso ya binti yule kama kisingizio cha kumdharau mama yake, bibi yake na lugha yao, halafu asimsaidie hata huyo binti. Nimeona hayo mara nyingi kuliko nilivyoona msaada.

---

Kipanga wa Jioni

Hapo tumekutana. Ila kwenye lugha sirudi nyuma: mgeni ajifunze lugha ya mahali. Hilo si kumvua utu.

---

Muuguzi wa Zamu

Ajifunze, kaka. Yule mama alikuwa anajifunza, daftari lake lilikuwa kwenye mkoba. Ila majibu ya kipimo hayakusubiri amalize masomo.

---

Kipanga wa Jioni

Hiyo nimeipokea dada. Ya Ashoka bado, Mzee, kesho narudi nayo.